Taa Iko na Ndevu

Ngoie wangu,

Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika kwa kalamu nene nyeusi, ile ya mabango ya kanisa, na kila herufi inachukua mistari mitatu ya daftari. Usidhani ni kwa sababu wewe ni mtoto. Ni kwa sababu nataka uweze kuusoma peke yako hata kama mambo ya Lubumbashi hayataenda vizuri. Katika kila ukurasa unaofuata herufi zitapungua kidogo. Sababu yake nitaisema mwishoni.

Habari za matone ya macho, za nguo za baridi, za karanga zinazokuvimbisha midomo, nimemweleza Shangazi Mado zote, na yeye si mtu wa kusahau. Hayo hayamo humu. Nina jambo moja la kukuambia, na nimelitafutia mahali pa kulificha tangu juzi. Hili hapa:

Nilijua kwamba macho yako hayaoni sawa kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Nilikaa nalo mwaka mzima na zaidi. Sikusema.

Sasa nageuza ukurasa.

Leo ni Jumapili mchana. Kambo yako, babu yako aliyenizaa mimi, na Shangazi Mado wamekupeleka kuaga watu wa kanisa, na mimi nimebaki nikisema nina masomo. Ni kweli kwamba mtihani wa Serikali umekaribia, na ndiyo sababu siwezi kupanda treni pamoja nanyi kesho. Lakini daftari lililo mbele yangu si la masomo. Nje upepo unapeperusha majivu ya nyasi zilizochomwa upande wa reli, na yanatua juu ya meza hii hii tuliyozoea kukaa, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano siku uliponikalia magotini. Huenda hukumbuki, ulikuwa na mitano. Mama yako Feza, dada yangu, tulikuwa tumemzika siku kadhaa kabla, watu wa matanga walikuwa wanafunga mikeka, na bibi mmoja wa ukoo akakushika mkono akakuleta mahali nilipokuwa nimejificha na kitabu, nyuma ya mlango. Akakukalisha juu yangu kama mtu anayeweka mzigo mahali pake. Kwetu hakuna anayeuliza: mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na mama yetu sisi alikuwa ameshatangulia. Bibi akasema, "Ule alikuwa mama yako mukubwa. Huyu njo mama yako sasa." Wewe ukanitazama sana, halafu ukauliza, "Na kitabu iko ya nani?" Watu wakacheka, siku ile ile ya matanga. Nami nikajua kwamba tutapatana.

Shuleni sikuwa mtu wa kusema. Mwalimu akiuliza, jibu linakuwa ndani yangu limekamilika, na linabaki humo. Mwalimu wa fizikia alilitambua hilo. Badala ya kunisimamisha mbele ya wenzangu, alinipa kurasa alizozinakili kutoka kitabu cha Kifaransa kilichochakaa, habari za namna mwanga mkali unavyopita ndani ya vitu visivyo wazi: ukungu, moshi, maziwa, maji ya matope. Aliniambia nizirudishe nikiwa nimezielewa. Sijazirudisha mpaka leo.

Nilizipenda kurasa zile kwa sababu zilikuwa zinahesabu kitu ninachokiona. Unakumbuka asubuhi za baridi, wakati ukungu unalala juu ya stesheni na treni inaingia bila kuonekana, ila doa jeupe linalozidi kuwa kubwa. Kitabu kilisema kuna hesabu mbili ndani ya doa lile. Kuna miale inayopita imenyooka bila kugusa chochote, na hiyo ndiyo inayobeba sura ya taa. Katika kila hatua ya ukungu sehemu yake inapotea, na katika hatua inayofuata sehemu ileile ya iliyobaki, mpaka inabaki karibu na bure. Na kuna miale inayogonga tone moja, inageuka, inagonga jingine, inageuka tena, inatembea kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumbani. Hiyo inafika pia, lakini imesahau ilikotoka. Inaleta weupe tu, bila sura.

Hakuna anayeweza kusema mwale mmoja utapita wapi. Kwa hiyo wenye hesabu wanafanya jambo lililonifurahisha sana: wanacheza kamari na mwanga. Wanarusha namba za bahati, wanafuata mwale mmoja mpaka mwisho wake, kisha mwingine, kisha maelfu, na mwishoni zile bahati zote pamoja zinatoa jibu lililotulia. Wao wana kompyuta. Mimi nilikuwa na dadu la ludo na wewe.

Mchezo wetu unaujua kuliko mimi. Karatasi ya miraba, ukungu wenye miraba kumi ya unene, mgeni, yaani mwale mmoja, anaingia upande wa kushoto. Dadu likitoa moja, anageuka juu. Mbili, anageuka chini. Tatu, anarudi nyuma. Nne na sita, anaendelea alikokuwa anaelekea. Tano, amemezwa. Hukupenda kusema "amemezwa", ukasema "amelala njiani." Anayetokea upande wa pili, "amefika." Anayetoka alikoingilia, "amerudi kwao." Uliwapa majina ya watu wa mtaa, na siku ambayo mwale ulioitwa jina la mchungaji ulimezwa katika mraba wa kwanza ulicheka mpaka Kambo akaja kuuliza kuna nini. Kila mara kabla ya kuanza ulisema maneno yaleyale, ukijiweka sawa kwenye kiti: "Minyi natupa, weye unachora." Dadu lako, kalamu yangu.

Uliniuliza mara moja, "Mama, huyu amerudi kwao. Nani alimuambia arudi?"

Nikasema hakuna aliyemwambia, ni dadu tu.

"Basi hakukosa."

Nikasema hakukosa.

Ngoie, ulikuwa unasoma dadu kwa kidole. Ulikuwa unalitupa, halafu unapitisha ncha ya kidole juu ya vile vitundu, halafu unasema namba. Nilikaa mbele yako miezi na miezi nikiona kidole kile. Nilidhani ni madoido ya mchezo. Niliwahi hata kumwigizia Kambo, tukacheka.

Hapa herufi zangu zimefika ukubwa wa zile za vitabu vya darasa la kwanza. Kama bado unazisoma, endelea polepole.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, si hizi zilizopita, bali zile za kabla yake. Tulikuwa barazani, giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia, na jirani akawasha taa yake ya sola juu ya mlango. Ukaitazama huku umekunja uso, ukasema, "Mama, taa iko na ndevu."

Nikakuuliza ndevu za namna gani.

"Ndevu za pande zote. Zinatoka nje. Hata ya Kambo mu nyumba iko nazo."

Mama mwingine yeyote wa hapa Kamina, hata asiyejua kusoma jina lake, angekushika kidevu akageuza uso wako kwenye mwanga. Mimi niliingia ndani nikachukua daftari. Niliandika maneno yako kama yalivyo, nikachora taa na ndevu zake, na chini yake nikaandika kwamba unyevu wa hewa unatawanya mwanga kuzunguka taa, kama kitabu kilivyosema. Nilifurahi. Nilisimama pale barazani nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na kitabu chake njiani. Sikujiuliza kwa nini mimi, niliyesimama hatua moja kutoka kwako, sikuona ndevu zozote.

Ukungu haukuwa hewani. Ulikuwa ndani ya jicho lako.

Baadaye nilijiuliza. Sitakudanganya kwamba sikuelewa kamwe. Mwalimu wako aliandika kwamba unakosea kunakili ubaoni. Ulianza kumwaga maji ukijaza kikombe. Siku moja mchana ulipita kando ya Kambo barabarani bila kumsalimu, naye akakasirika, akasema nimekulea bila adabu. Usiku wa siku hiyo nilijua. Nilikuwa na sentensi tayari, fupi kabisa: "Baba, mtoto haoni vizuri." Ilibaki ndani yangu kama majibu yangu ya shuleni.

Aibu ilikuwamo, sikatai. Kwenda hospitali, kusimama mbele ya watu, kusema mimi ni mama yake, huku wakinitazama na sketi yangu ya shule. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine. Watu wa baba yako walikuwa wameshauliza mara mbili kama mtoto analelewa vizuri na msichana anayesoma. Niliogopa kwamba wakisikia una ugonjwa watasema, si mnaona, nao watakuja kukuchukua. Basi nikanyamaza ili ubaki nami. Na sasa wanakuchukua, na kilichowaleta ni kule kunyamaza.

Badala ya kusema, nilianza kukutibu kwa kitabu. Hii ndiyo sehemu ambayo mkono wangu hautaki kuiandika.

Kurasa za mwisho za mwalimu, zile nilizozipenda kuliko zote, zilikuwa za mwanga mkali kupita kiasi, wa mashine za leza. Mwanga wa namna ile hauuachi ukungu jinsi ulivyo. Unaupasha joto, matone yanakauka, na njia inafunguka mbele yake. Hapo hesabu za kawaida zinavunjika. Huwezi tena kujumlisha mwanga na mwanga, kwa sababu wa kwanza umeshabadilisha mahali wa pili utakapopita. Inabidi uhesabu vyote viwili pamoja, mwanga na ukungu, hatua kwa hatua, kila kimoja kikimgeuza mwenzake. Nilizisoma kurasa hizo mpaka zikachanika kwenye mkunjo. Na moyo wangu, siyo akili yangu, ukachukua humo neno moja tu: nguvu. Kwamba ukungu unashindwa na taa iliyo kubwa vya kutosha.

Nguvu zile hazimo katika nyumba yoyote ya Kamina, na zingekuwamo zingekuchoma jicho. Hilo nililijua. Lakini nilimwomba Kambo taa kubwa ya sola, nikasema ni ya mtihani wangu, nikaiweka mezani karibu na uso wako, na kila jioni nikakusomesha chini yake.

Uliniambia. Hilo ndilo ambalo sitaki ulisahau: wewe uliniambia. Uliweka viganja juu ya macho kama kofia, ukasema, "Mama, zima. Nikiwa mu kivuli njo naona."

Nikasema kivulini mtu haoni, ndiyo maana watu walitengeneza taa.

"Minyi naona."

Nikakuambia unatafuta njia ya kukimbia kusoma. Nikakuita mvivu. Ukasogeza kiti mpaka kwenye pembe ya giza pale karibu na mtungi, ukashika kitabu karibu na pua, na mimi nikakuvuta mkono nikakurudisha kwenye taa. Hukulia kwa sauti. Machozi yalianguka kwenye ukurasa, nami nikayafuta kwa kanga yangu ili herufi zisiharibike. Nilifuta ukurasa kwanza, Ngoie, kabla ya kukufuta wewe.

Siku hiyo imerudi kwangu mara nyingi. Wewe hujaitaja tena.

Mwisho wake ulikuja kwa njia ndogo. Kambo alikuwa anakunyoa nywele uani, akakuinamisha kichwa nyuma, jua likakuingia usoni, akaona weupe katikati ya jicho la kushoto. Hakuniita. Alikuvalisha viatu, akakupandisha nyuma ya pikipiki ya kukodi pamoja naye, na nilipotoka shuleni nilielekezwa, nikawakuta hospitali.

Muuguzi wa macho alikuwa mama mpole mwenye haraka. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limetangulia sana. Akaeleza, akimtazama Kambo na siyo mimi, kwamba weupe umekaa katikati, na taa kali inaifanya mboni kusinyaa, kwa hiyo mtoto anabaki akichungulia kupitia hapo hapo penye uchafu. Kivulini mboni inafunguka, naye anaona kidogo kwa pembeni. "Huyu mtoto ana akili," akasema. "Amejitafutia mwenyewe." Halafu akauliza alianza lini. Kambo akasema hajui. Nikasema mimi, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mvua za kabla ya hizi." Akaacha kuandika. Alisema operesheni inafanyika Lubumbashi, na jicho la kulia ana tumaini nalo. La kushoto hawezi kuahidi. Jicho la mtoto likikaa muda mrefu bila kuona, alisema, kichwa kinaacha kulisikiliza, na hata likisafishwa huenda kisilikumbuke tena.

Muda mrefu. Muda ule una jina, na jina lake ni langu.

Jioni ile sikula. Nilikaa na karatasi zetu za dadu nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya tangu siku ya kwanza. Nilichukua taa moja, nikahesabu miale iliyofika imenyooka na ile iliyopotea njia. Halafu nikazidisha taa mara mbili. Iliyonyooka ikawa mara mbili. Iliyopotea ikawa mara mbili. Nikagawanya moja kwa nyingine, na jibu halikusogea hata kidogo. Taa yangu kubwa ilikuwa imeuongeza weupe sawasawa na ilivyoongeza sura. Mistari minne, na nilikuwa nayo ndani ya nyumba muda wote.

Kambo alinikuta hapo. Unajua Kambo yako: aliendesha mashine ya treni miaka mingi, na kwake kila kitu ni reli. Nilimwambia yote, daftari, ndevu, taa niliyosema ni ya mtihani. Nilitegemea anipige. Alivuta kiti chako akakaa.

"Mu ukungu," akasema, "hatuwashaka taa kubwa. Ukiwasha, inakurudia mu macho, unaendesha ndani ya ukuta mweupe. Tunashusha taa, tunapunguza mwendo, tunapiga honi. Kila dereva anajua."

Nikasema sikujua.

"Haukuniuliza."

Alisema hivyo tu. Hakupandisha sauti. Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na minane, amepita ndani ya ukungu mara nyingi kuliko waandishi wa kile kitabu, na mimi nilienda kumtafutia mwanangu jibu katika karatasi za Kifaransa kwa sababu karatasi haimtazami mtu usoni.

Sasa herufi zangu ni za ukubwa wa gazeti.

Mengine unayajua. Baba yako alipiga simu kutoka Kolwezi anakoishi. Watu wake walikaa na Kambo siku nzima. Shangazi Mado akasema atakupokea, nyumba yake huko Lubumbashi si mbali na hospitali, na baada ya operesheni kuna kurudi na kurudi kwa muuguzi, miwani, kitambaa cha kufunika jicho zuri ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, miaka labda. Kisha wakasema shule utaanzia huko huko. Kisha hawakusema tena neno la kurudi, na hakuna aliyeniuliza. Sina kinyongo na Shangazi Mado. Jana alipokuwa anakunja nguo zako aliniambia bila kuinua uso, "Mwadi, minyi sikuje kukunyang'anya. Nilikuja juu ya macho." Namwamini. Mpende. Mwite mama ukitaka. Kwetu mama hawana mwisho.

Wewe ulikuwa na swali moja tu, na uliniuliza jana ukiwa umekaa juu ya sanduku lenyewe. "Nikipona, nitarudi?"

Nilikujibu kwamba sijui. Niliona ulivyoinamisha kichwa. Ningeweza kukuambia ndiyo, ungelala vizuri. Lakini nimeshakuwekea taa moja kubwa ya uongo mezani, na nimeona inachofanya.

Ninachoweza kukupa ni kidogo, na nimekinunua ghali. Kitu kikikuumiza, kiseme kikiwa bado kidogo na cha aibu, hata kwa maneno mabaya, hata kwa mtu anayekasirika upesi. Ukisema naye mtu asisikie, kama mimi, usidhani ulisema vibaya. Sema kwa mwingine. Uliposema taa iko na ndevu ulisema vizuri kuliko kitabu changu chote. Aliyeshindwa ni msikilizaji. Na ukiona mtu anayependa vitabu, mpende, lakini muulize mara kwa mara kama amekutazama leo.

Kuhusu jicho la kushoto, sijui nikuambie nini. Huenda utakuwa mkubwa, utafunika la kulia kwa mkono na kuona weupe tu, na utanikumbuka. Utakuwa na haki. Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana barua haimpi mtu nafasi ya kukataa. Kama unataka kukataa, uje ukatae hapa, mezani. Nitakuwa upande wa ukuta.

Nakaribia mwisho, na nilikuahidi sababu ya herufi.

Siku ile hospitali muuguzi alikusimamisha mbele ya karatasi ya ukutani, juu herufi moja kubwa, chini yake ndogo, chini kabisa ndogo kama siafu. Ulisoma ya kwanza, ukabahatisha ya pili, halafu ukageuka kunitafuta, ukitazama mahali ambapo sikuwapo. Nilipoanza kuandika juzi nilifikiria karatasi ile, na wazo la kwanza lilikuwa baya. Nilifikiri nitaweka kosa langu chini kabisa, kwa herufi za siafu. Ukipona utalisoma, na furaha ya kuona itakufanya uwe mpole. Usipopona, hutalijua kamwe. Nilikuwa nimeshaanza hivyo. Karatasi hiyo niliichana.

Kwa hiyo kosa liko juu, kwa kalamu ya mabango. Na huku chini, ambako huenda jicho halitafika, nimeweka yale tu unayoyajua bila kusoma, ili usipoteze chochote. Barua hii usisomewe na mtu. Uwe nayo. Kila ukitoka kwa muuguzi, ifungue uone umefika wapi.

Kama nilivyokuambia asubuhi, ndani ya sanduku, kwenye soksi nyekundu, kuna dadu. Nimekuwekea pia karatasi ya mwisho tuliyoianza, ile ya Alhamisi. Mgeni yuko katika mraba wa saba, ameshageuka mara nyingi, hajalala, hajafika, hajarudi kwao. Hatukumaliza kwa sababu Shangazi Mado alibisha hodi. Nimenakili mahali alipo katika karatasi yangu, mraba kwa mraba, na nimeibandika ukutani. Shangazi ana simu. Kila utakapotupa, niambie namba. Isome kwa kidole au kwa jicho, sitauliza kwa kipi.

Nawasikia njiani. Kambo anakohoa, na wewe unamhesabia hatua kwa sauti. Mstari wa mwisho naandika kwa kalamu iliyochongwa, mdogo kadiri mkono wangu unavyoweza.

Weye tupa. Minyi nachora.